Kikombe cha Baba

Kaka mpendwa,

Baba hana kilema chochote. Daktari wetu wa familia amempima mikono, macho na ulimi leo asubuhi, akatamka hivyo mbele ya Mama. Sasa naweza kukueleza kwa nini wiki iliyopita ulipopiga simu nilikwambia amelala.

Ijumaa, akiwa kwenye cherehani, alimwambia mteja, "Kikombe chako nitakipunguza miguu." Tulicheka, si unamjua kwa utani. Mama hakucheka.

"Mzee, hebu sema suruali."

"Kikombe," akasema tena, na mkasi ukamponyoka. Baada ya muda mfupi akawa mzima kabisa.

"Mdomo umesharudi, hospitali niende kufanya nini?"

"Twende ukawachekeshe na wao," Mama akamjibu, akamshika mkono.

Daktari wetu alisema hicho ni kiharusi cha kupita, na kikubwa huweza kukifuata upesi. Hakumpangia tu miadi ya daktari bingwa akaishia hapo. Alipiga simu idara ya dharura tukapokelewa mlangoni. Daktari wa zamu, binti mdogo tu, alimpiga picha ya kichwa, akaona hakuna damu iliyovuja, akampa palepale vidonge vya kuzuia damu kuganda.

"Bingwa atamwona," alisema, "lakini dawa haimngoji bingwa."

Daktari wetu na huyo binti ndio waliotuachia Baba. Nawaombea kila siku.

Vidonge anameza, ila chakula kisicho na chumvi anakinunia. Yule mteja naye karudi kuulizia kikombe chake.

Jumanne saa tatu asubuhi tunakwenda kwa bingwa. Baba amejishonea kikombe kipya cha kwendea.

Mdogo wako