Matone ya Mot

Hafod Ddu, 4 Februari

Mwanangu Heledd,

Hujambo? Huku theluji tele, kondoo wazima, nami mzima kiasi. Usipige simu, sisikii kitu, andika tu. Sikio limeacha kutoa usaha tangu nianze kutia matone ya masikio ya mbwa wangu Mot. Tunagawana chupa, mbwa asubuhi na jioni, mimi kila nikikumbuka, na machungu yake nayaonja mpaka kooni. Mwaka wa pili sasa, na daktari wa mifugo hanipangishi foleni. Ila nimevimba uso na tumbo, miguu imekonda, na ngozi ikiguswa tu inavilia damu. Mot naye ana kitambi. Jirani Iorwerth anasema tumefanana.

Babako


Cardiff, 11 Februari

Shikamoo baba,

Sijacheka hata kidogo. Nimemuuliza mfamasia wa dukani kwetu. Hiyo ni steroidi kali, homoni ya kutengenezwa. Ngoma ya sikio lako imetoboka, ndiyo maana unaionja: inashuka kooni, inaingia damuni, mwili unadhani homoni ipo ya kutosha, na tezi zako zinalala. Nenda kwa daktari wa watu, mkaidi wewe. Na Mot apimwe.

Binti yako


Hafod Ddu, 2 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mot amepimwa, ni yale yale uliyosema. Daktari wa mifugo kaniambia nisimkatishie dawa ghafla, atakufa, nimpunguzie kidogo kidogo kwa majuma sita. Chupa ni hii hii, hatoi nyingine. Nikaona haitutoshi wawili, basi mimi nikaacha siku ile ile, nikamwachia yeye yote. Sikumwambia kwamba nami natia, niliona aibu. Kwa daktari wa watu nitakwenda kondoo wakimaliza kuzaa. Tangu Jumanne natapika, nikisimama kizunguzungu. Ni tumbo tu, litapita.

Babako


Hafod Ddu, 16 Machi

Baba,

Barua yako niliipata Jumatatu, nikapanda treni saa ile ile. Iorwerth alikuwa ameshakukuta zizini asubuhi, umelala kwenye majani makavu, kondoo anazaa pembeni yako. Hospitali wamesema sindano moja ya homoni ile ingekurudisha. Jana tumekuzika.

Nimekukasirikia sana. Ulisikia kwamba mbwa atakufa, ukadhani wewe umeumbwa kwa kitu gani? Mot anaendelea vizuri, namtilia kama ulivyopangiwa. Kisha nasoma tena nakala ya barua yangu. Nilikueleza yote, baba, ila sikukuandikia usiache ghafla.

Heledd wako