Ng'ombe Hao Siwataki

Kericho, kambi ya juu
Jumapili

Kwa Baba yangu,

Chamgei, Baba. Nakusalimu wewe kwanza, kisha Mama. Mguu wake umepona? Na mahindi ya huko Merigi, mvua ya mawe iliyapitia mbali ama iliyapiga? Huku ilitupiga sana, majani ya chai yakatoboka kama blanketi iliyoliwa na panya. Mimi ni mzima. Ila nina maneno, na namwomba anayekusomea asiruke hata moja.

Jirani yangu hapa kambini ni mzee arap Langat. Alikuja wakati mlima huu ulikuwa bado msitu. Yeye na wenzake waling'oa visiki, wakapanda hii chai yote tunayochuma. Sasa mgongo umekataa. Vidole vimejikunja, haviwezi kukata jani. Majuzi mnyapara alisimama mlangoni kwake akamwambia, "Mzee, nyumba hii ni ya mchumaji. Toka, ama msichana wako achukue kikapu."

Msichana huyo anaitwa Taplelei. Anasoma darasa la sita kwa misheni. Kesho yake asubuhi nilimwona kwenye mstari wetu, amejifunga gunia kiunoni, kikapu cha baba yake kinamgonga nyuma ya magoti. Hakulia. Alikuwa anaangalia barabara tu, wenzake wakipita kwenda shule.

Nilimwendea nikamvua kile kikapu, nikakiweka chini. Changu pia nikakiweka kando yake.

"Wewe arap Rono, una wazimu?" mnyapara akaniuliza.

"Sina. Huyu ni mtoto wa shule. Hatuchumi mpaka arudi shuleni."

Nilisema "hatuchumi" na nilikuwa peke yangu. Halafu mama mmoja nyuma yangu akatua kikapu chake. Mwingine akatua. Mara mstari mzima ukawa umekaa chini kwenye umande, na chai iko tayari, inangoja mikono.

Jua lilipokuwa utosini meneja alikuja na gari, uso mwekundu. Aliuliza nani ametuambia tusichume. Mke wa mzee Langat ndiye aliyesimama. "Bwana," akasema, "mume wangu amezeekea hapa kwa shamba lako. Nguvu zake zote umechukua. Sasa unataka na za mtoto?"

Meneja aliangalia ile chai. Hata yeye alijua jani likikomaa ni hasara. Akasema msichana aende shule, na mzee akae katika nyumba hiyo mpaka mavuno ya huko kwao yaishe, ndipo ahame. Si ushindi mkubwa, mavuno yataisha. Lakini Taplelei alikimbia kwenda shule na gunia lake likiwa bado kiunoni, na wamama wakapiga vigelegele.

Mimi nilitolewa kwenye kuchuma. Siku hizi nachimba mitaro kule bondeni kwenye matope, na nakuandikia mikono ikiwa na malengelenge. Sijuti.

Sasa sikiliza, Baba. Jana binamu Kipkoech alipita hapa, akaniletea ujumbe wako: kwamba umepata mtu wa kumwoa dada yangu Chebet, kwamba atatolewa shule, na ng'ombe watakaokuja nioe nao mimi. Alinipa habari hiyo akicheka, akidhani nitaruka kwa furaha.

Nifurahi vipi? Nimtue mtoto wa jirani mzigo, halafu nimtwike dada yangu?

Ng'ombe hao siwataki. Wewe ulimwoa Mama kwa ng'ombe wa mahari ya shangazi, na sikulaumu. Wakati huo malisho yalifika mpaka mtoni, na kijana alihitaji mkuki na mifugo tu. Leo watu wanazungushia mashamba yao ua. Tunasikia hata sisi Waafrika tutapewa miche ya chai tupande kwetu. Nani atasoma mizani siku hiyo? Nani atajua tukiibiwa? Chebet anajua kusoma kuliko mimi. Mwache amalize. Mimi nitakaa bila mke mpaka nipate ng'ombe kwa jasho langu, na wazee wakicheka, wacheke.

Tena nakuomba ule mteremko ulio juu ya chemchemi, uliojaa vichaka. Mimi na watu wa rika langu tutaulima. Tumechoka kuchumia wengine, na hatutaki kuwaachia watoto wetu vikapu.

Najua hasira yako, na laana ya baba si mchezo. Ukikasirika, nikasirikie mimi. Chebet na Mama uwaache. Lakini nakwambia mapema: Krismasi nitakuja nyumbani. Nikikuta ng'ombe hao wameshafika bomani, nitawaswaga mimi mwenyewe, mchana, watu wote wa Merigi wakiona, niwarudishe kwa aliyewatoa.

Nisalimie Mama. Nisalimie shangazi mkubwa, aliyenilea nilipokuwa mgonjwa, na mjomba mwenye duka la chumvi pale sokoni. Bibi mwambie bado ninaomba kabla ya kula. Na Chebet umwambie, kwa mdomo wako mwenyewe, kwamba kaka yake amekataa.

Ni mimi mwanao, ninayekuheshimu hata ninapokupinga,

Kipngeno arap Rono