Msingi wa Chumba cha Mama

Jumatano, Karatu

Miguu inauma. Leo nimepanda mlima hadi kwa Mama Neema kuangalia chumba alichojengewa na shemeji yangu Tluway. Tluway ndiye anayetaka kutuongezea chumba cha mama mkwe, na ukoo mzima unaona nikimkataa nitakuwa nimewatukana.

Mama Neema alisogeza kabati tu. Nyuma yake ufa umeshuka kutoka kwenye lenta, ile zege ya juu ya madirisha, hadi sakafuni, vidole vyangu vinaingia.

Njiani nilitafuta namna ya kumwambia Tluway. Sikuipata. Nikamkuta uani kwetu, ameshika futi, anapima.

"Shemeji, nimetoka kuuona ule ufa."

Aliiachia futi ikajirudisha yenyewe. Nilisubiri ugomvi, na kusema kweli sikuwa na nguvu ya kugombana.

"Plasta naijua, shemeji," akasema. "Msingi huwa nabahatisha. Huu udongo wa mteremko umenishinda."

"Sasa mbona kazi uliitaka?"

"Ni mama yangu. Ningewaambiaje watu kwamba siwezi kumjengea mama yangu?"

Tukakaa juu ya matofali. Kisha akanitajia Paskali, fundi wa Rhotia, anayechimba hadi afike udongo mgumu hata mwenye nyumba akilalamika. Kesho Tluway mwenyewe atanipeleka kwake. Plasta atapiga yeye.

Ameomba kitu kimoja tu, mama asiambiwe kwamba msingi kachimba mwingine. Nimechoka, nimekubali bila kufikiri, na sijutii. Mama akiuliza nani kajenga, nitamjibu, "Ni mwanao."