Ua Niliokuomba Uutoboe

Shemeji, Nyar Lambwe,

Nakuita kwa jina walilokupa wanawake wa kwetu Suna siku ulipoolewa na kaka yangu: binti wa Lambwe. Nililitumia kukutania kuliko mtu yeyote pale nyumbani. Leo naona haya kulitumia, lakini sina jingine. Sikuwahi kukuita vingine.

Ulipozikwa sikuja. Niliwaambia ni magoti. Ni kweli magoti yananiuma, ila mtu wa magoti mabovu hupanda basi kama wenzake, na mwezi uleule nilipanda la kwenda Mwanza kwa daktari wa macho. Nilichoogopa ni kukutana na binti yako Awuor uso kwa uso. Sasa amenifuata hukuhuku Tabora. Ameniletea kwa posta kurasa za hadithi yako ya picha, zile ulizochora mimi nikiandika maneno. Anataka kuzichapisha upya, kitabu cha watoto, na juu ya bahasha ameandika swali moja tu: "Baba mdogo, kwa nini mama alinitoa kwa kutoboa ua?"

Miaka yote hii, shemeji, amekuwa akidhani ulitaka.

Nikueleze kwanza ya nyumbani, maana najua ungeuliza. Ua wa minyaa umeng'olewa. Wajukuu wameweka waya wa miba na geti la chuma linalolia likifunguliwa. Jiko lako limebaki, ila hakuna anayepaka kuta kwa udongo siku hizi. Ni saruji na rangi ya duka. Awuor amestaafu ualimu, anaishi Homa Bay, amenenepa kidogo na anacheka kwa pua kama wewe. Anasema watoto wa jirani hucheza mizingile, ile michoro ya kutafuta njia, kwenye simu. Wanaingiza kidole kwenye kioo, wanapotea, wanapiga kelele. Ungependa kuwaona.

Nimezitandaza kurasa zako mezani tangu juzi. Wino umegeuka rangi ya chai lakini mistari iko. Msichana Awuor anakwenda kwenye mji wa zimwi aliyeiba mvua na kuificha ndani ya chungu. Na mji wenyewe, ukurasa mzima, umeuchora kama anavyouona mwewe: ua ndani ya ua, vijia vinavyozunguka na kudanganya, chungu katikati. Kila tawi la mnyaa umelichora peke yake. Zimwi amelala, miguu yake mirefu imekatiza vijia, na mtoto anayefuata njia kwa penseli lazima azunguke vidole vyake vya miguu kimoja kimoja. Kwenye njia zilizofungwa umeweka watu waliopotea zamani. Kuna mposaji ameshika jogoo, ndevu zimemfika magotini, bado anatafuta nyumba ya mchumba. Nimecheka peke yangu, mzee mzima, kisha nikaona aibu kucheka.

Nilikuuliza wakati ule umejuaje mji unavyoonekana kutoka juu, wewe usiyewahi kupanda ndege. Ukanijibu bila kuinua kichwa: "Mtoto wa Lambwe huchunga mbuzi kilimani, shemeji. Miji ya watu wote nimeiona utosi."

Nakukumbuka ulivyofanya kazi. Karatasi sakafuni, wewe umepiga magoti, ukianza na chungu cha katikati na kutoka nje polepole, ukiuzungusha ukurasa badala ya mkono. Ndivyo ulivyopaka nyumba pia: udongo mweusi, majivu, ule wekundu uliouleta kutoka kwenu, kidole kikienda ukutani bila kuinuka. Wanawake walikuja kukuita kutoka mbali. Nyumba mpya ikimalizwa Suna, watu walisema haijaisha mpaka Nyar Lambwe ameigusa.

Hilo ndilo nililokunyang'anya.

Miaka ile ya sitini, Uhuru ukiwa bado mpya, nilikuwa kijana wa shati jeupe, mpanga herufi kwenye chumba cha chapa pale Homa Bay. Tulitoa gazeti dogo la watoto. Mhariri wetu, mtu wa pwani, alikuwa na rundo la vijitabu vya katuni kutoka Ulaya, vya ngome na majoka na mashujaa wenye mapanga, na ndani yake mara nyingi kulikuwa na ukurasa wa mzingile. Ngome imechorwa kutoka juu, mshale wa kuingilia upande huu, mshale wa kutokea upande ule, joka katikati. Watoto walizichana kurasa hizo kwa penseli. Alitaka wa kwetu. Nikamwambia ninaye shemeji.

Ulipoleta ukurasa wako aliupenda mpaka akauinua dirishani. Kisha akauliza, "Mlango wa kutokea uko wapi, mama?"

"Alikoingilia."

"Wa pili, nauliza."

"Huyu si panya," ukamwambia. "Akishachukua mvua atarudi njia ileile, na zimwi atakuwa ameamka. Hapo ndipo penye hadithi."

"Mtoto anataka atoke upande wa pili apate zawadi."

"Basi mpe zawadi yake langoni."

Akacheka, nami nikacheka pamoja naye, kwa sababu alikuwa mkubwa wangu. Lakini yeye alicheka asichokijua, na mimi nilikijua. Kwetu siku zile, msichana aliyefikia umri wa kuolewa akifa kwa baba yake hakupitishwa langoni. Ua ulitobolewa nyuma ya nyumba, akatolewa hapo, akazikwa nje. Hakuna mtu wa Suna ambaye angetazama msichana anapita kwenye tundu la ua asijue anaona nini. Ingetosha nimweleze mhariri kwa maneno machache. Alikuwa mtu muungwana, angesikia. Niliona haya. Sikutaka aniweke kundi moja na wazee wa kwetu, mimi niliyekuwa nasoma kila karatasi iliyopita mikononi mwangu.

Akasema ukurasa usipokuwa na mlango wa pili atampa kazi mchoraji mwingine. Nikakufuata nje, chini ya varanda, nikakuomba. Nakumbuka maneno yangu yote na ninayachukia yote. "Ni karatasi tu, shemeji. Nitaonekanaje mimi?" Kisha ukaomba wembe, ukakwangua wino pale kwenye ua wa nje, nyuma ya nyumba ya zimwi, mpaka karatasi ikawa nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Ukanipa na kusema, "Nimemtobolea kwa ajili yako, si kwa ajili ya yule."

Jina la Awuor tulikuwa tumeshampa msichana wa hadithi, kwa kumtania mwanao aliyekuwa mdogo, anayependa kujifanya mkubwa. Hata hilo halikunishtua. Nikapanga herufi kando ya tundu: "Hatimaye nimetoka!" Nikaweka na alama ya mshangao.

Nimesoma mengi tangu hapo kuhusu michoro hii. Mizingile ya kale kabisa, ile iliyochongwa kwenye mawe na kuchorwa kwenye vyungu vya mataifa ya mbali, mingi ina mdomo mmoja: unaingia, unafika katikati, unageuka, unarudi ukiwa mtu mwingine. Ile ya milango miwili ni michezo iliyokuja baadaye. Siku niliposoma hayo nilifunga kitabu, nikatoka nje, nikakaa. Wewe hukuhitaji kitabu kwa sababu hukuwa unabishana juu ya mizingile. Ulikuwa unamlinda mtoto.

Gazeti nililileta mwenyewe nyumbani, nikiwa na fahari. Unakumbuka tulivyokaa uani, mimi kwenye kigoda cha baba, wewe kando unachambua mboga, na wanawake wa jirani wamejaa. Mama yangu hakujua kusoma, lakini alishika ukurasa, akaweka kidole langoni na kuanza kusafiri. Alicheka kwenye vidole vya zimwi. Akamtukana mposaji: "Mwanaume mzima anapotea na kuku!" Wote wakaangua kicheko. Nikamwambia, "Mama, huyo msichana ni Awuor, mjukuu wako. Tumempa jina lake." Kidole kikaendelea, kikafika nyuma ya nyumba. Kikasimama.

"Nani amemtobolea ua mtoto huyu?"

Hakuna aliyecheka tena. Ulinitazama, Nyar Lambwe. Hukunitazama kwa hasira, ulinipa nafasi tu. Ilikuwa ndefu ya kutosha mtu kusema sentensi nzima. Mimi nilikuwa na bakuli la uji, nikaanza kuupuliza, na uji wenyewe ulikuwa umeshapoa.

"Mkono ni wangu, Mama," ukasema.

"Basi mkono huo usiguse tena ukuta wa nyumba yangu."

Wale wanawake walilibeba neno hilo hadi kwao. Hakuna aliyekuita tena kupaka. Kaka yangu aliporudi kutoka machimbo ya dhahabu Masara alijaribu kuwatuliza, wakamwambia yeye ni mume, hawezi kuona. Wewe uliendelea na shamba lako na kuku wako, na kuta za watu zikabaki na udongo mtupu. Na Awuor alipokuwa mkubwa, posa moja ilikuja ikarudi. Watu wa kijana walisikia kwamba mama yake mwenyewe alishamchora akitolewa nyuma. Hakuolewa. Sisemi ni kwa sababu hiyo tu. Ana kichwa kigumu na alipenda kazi yake. Lakini posa ilirudi, na mimi nilisikia nikiwa mbali, nikajiambia haya ni mambo ya watu wasiosoma.

Gazeti lilipofungwa nilivuka mpaka, nikakaa Musoma, kisha huku. Nilikuwa nasahihisha vitabu vya watu wengine. Makosa ya herufi hayakunipita. Nilipokuja kumzika kaka, ulinipakulia samaki kipande cha kichwa, ukasema, "Shemeji, umenenepa kama zimwi wetu." Ulisema "wetu." Nilitaka kuanguka miguuni pako. Nilikula samaki.

Basi Jumamosi nimempigia Awuor simu. Nikamweleza yote kama nilivyokuandikia hapa. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza, "Na siku ile uani, ulikuwepo?"

Nikasema nilikuwepo.

"Ulikaa wapi?"

"Karibu na mama yako."

"Karibu kiasi gani?"

"Angenyoosha mkono angenigusa."

Akasema, taratibu, kama mwalimu anayetaka darasa liandike: "Mama aliniacha nimkasirikie miaka yote hiyo. Nilipokuwa nikimwogesha kitandani mwishoni, bado nilikuwa nimemkasirikia kidogo. Ulijua hilo?" Simu ikakatika, na sijui kama ni yeye aliyeikata.

Sikulala vizuri, na nisikudanganye, sehemu yangu ilikuwa ikimlaumu yeye kwa kuniuliza. Ndivyo nilivyo bado.

Jana alipiga tena. Sauti ilikuwa ya kazi. Nilimwambia nitauziba ule ua, mkono wangu bado una nguvu ya mstari mmoja, na nitamwandikia maelezo ya mwanzo wa kitabu, nieleze kila kitu, watu wasome. Akanikatiza. "Hapana, baba mdogo. Ukurasa usiuguse. Na kuandika umeandika sana. Waliosikia uani walisikia kwa masikio. Wako wanne bado hai, mama Dorina, yule jirani, naye yumo, macho hayaoni lakini masikio yanafanya kazi kuliko yangu. Njoo uyaseme palepale." Kisha akacheka kwa pua. "Na usiogope, sikuiti kunizika. Mimi nimeshanunua kiwanja changu Homa Bay. Wanipitishe langoni au dirishani, shauri yao. Ni mama nataka asafishwe, si mimi."

Nikamwambia magoti. Kabla hajajibu nikasikia mwenyewe nilichosema.

Na tazama, baada ya kuambiwa nimeandika sana, nimekaa nakuandikia. Nilidhani nikikuandikia wewe kwanza nitapata ruhusa. Hakuna ruhusa utakayonipa. Ulishanipa nafasi yangu mara moja, mchana kweupe, nikapuliza uji.

Nimekata tikiti, shemeji. Ninakwenda hadi Sirari, navuka, na mtoto wa mama Dorina atanipokea upande wa pili na pikipiki. Sitamletea Awuor karatasi yoyote. Kitabu atakitoa akitaka, na akitaka asikitoe, kurasa ni zake.

Pumzika, Nyar Lambwe. Sikuombi unisamehe. Ninakuahidi jambo moja dogo, ninalolifanyia mazoezi nikiwa peke yangu chumbani, maana ulimi wangu umekaa sana na Kiswahili cha vitabu na maneno yetu yamenipotea mengine. Nitasimama uani, na nitasema kwa Kijaluo, kwa sauti ya kumfikia asiyeona: kwamba ulikataa, kwamba nilikuomba, kwamba nilikuwepo. Nikikosea neno, wanawake watanisahihisha, nami nitalirudia mpaka wasikie.

Shemeji yako,
Ochieng