Majina Mawili, Sentensi Moja

Ijumaa, 20 Januari

Imekwenda. Saa kumi na moja na dakika kumi jioni, kama desturi yetu. Habari mbaya tunazitoa Ijumaa, watu wakiwa wameshavaa makoti. "Wachezaji Trace Hollander na Wendell Tibbs wamesimamishwa kwa muda kwa kukiuka kanuni za timu. Chuo hakitatoa maelezo zaidi." Maneno kumi na manane. Nimeyahesabu.

Ninachojua ni hiki: Jumatano jioni Trace alimsukuma mpenzi wake kwenye maegesho ya bweni. Binti akaangukia barafu, kifundo cha mkono kikavunjika. Trace! Pointi ishirini na moja kila mchezo, sura yake imechorwa ubavuni mwa basi la timu. Wendell amefanya nini, sijui. Sikuuliza. Miaka kumi na moja katika ofisi hii ya habari za michezo imenifunza kutouliza.

Kocha Burdette alipita mlangoni, kidole gumba juu. "Safi kabisa, dada Gretchen. Haina hata mfupa mmoja wa kumkwama mtu."

Nimekula supu ya juzi nikiwa nimesimama. Nimechoka tu.

Jumamosi, 21 Januari

Tumefungwa kwa pointi tisa, tena nyumbani. Wale wawili walikaa mwisho wa benchi, suti na tai, kama watu waliokuja msibani. Trace anatafuna chingamu. Wendell anatazama viatu vyake.

Televisheni wameonyesha picha zao mbili kabla ya mchezo. Bega kwa bega, ukubwa mmoja, ukuta uleule wa bluu nyuma. Picha nilizowatumia mimi! Ukimwonyesha mtu asiyewajua atakwambia hawa wamevunja benki pamoja.

Hal Brubaker wa gazeti la mji alinifuata kwenye chumba cha waandishi. Tulifanya kazi naye dawati moja, zamani, nilipokuwa mwandishi na gazeti lilikuwa na watu. Sasa yuko peke yake, anaandika timu tatu na mikutano ya baraza la mji.

"Gretchen, kitu gani hiki? Nipe chochote."

"Hatutoi maelezo zaidi, Hal."

"Basi nitaiandika hivihivi ilivyo."

"Iandike."

Akacheka, akachukua soseji ya bure, akaenda zake. Wallah, zamani mimi nisingekubali jibu la namna hiyo. Ningelala mlangoni.

Jumapili, 22 Januari

Polisi wametoa ripoti yao ya wiki. "Mwanafunzi wa kiume, mchezaji wa mpira wa kikapu, anachunguzwa kwa kumjeruhi mwanamke katika maegesho." Jina hawakuweka, kwa kuwa bado hajashtakiwa.

Jina hakuna. Lakini mji mzima una majina mawili mkononi, nimewapa mimi. Kanisani mama mmoja amemwambia mwenzake, ni wote wawili, mmoja alimshika binti na mwingine akampiga. Amesema hivyo kabisa! Kiti cha mbele yangu. Nikafungua kitabu cha nyimbo.

Jumatatu, 23 Januari

Wendell alikuja ofisini. Kijana mrefu, kofia ya sufu mkononi, hakukaa mpaka nilipomwambia kaa. Yuko mwaka wa nne, anasomea ualimu. Kila asubuhi muhula huu anafundisha kwa mazoezi darasa la pili, shule ya msingi ya mtaa wa Linden. Bila hayo mazoezi hakuna cheti. Hakuna cheti, hakuna kazi.

"Bi Stahl, mkuu wa shule ameniambia leo nisiingie darasani. Nikae ofisini nikate karatasi. Wazazi wanapiga simu."

"Pole sana, Wendell."

"Wanadhani ni mimi niliyemvunja yule dada mkono."

Nikamuuliza — hatimaye! — kwani wewe kosa lako ni lipi? Akanitazama kama anayejiuliza iwapo namtania. Alichelewa mazoezi ya asubuhi mara mbili. Mwezi wa Novemba. Shule ilikuwa na asubuhi za kusoma na watoto, akakwama kwenye theluji. Tena alishaadhibiwa: alipanda na kushuka ngazi zote za uwanja mara arobaini, akatapika, yakaisha.

"Yakaisha," amerudia. "Kisha Ijumaa Kocha ananiita, ananiambia yale ya Novemba bado hayajaisha."

Alipoondoka nilifungua daftari la nidhamu. Tarehe 15 Novemba, ndiyo. Wendell Tibbs, kuchelewa, ngazi. Imepigiwa mstari kwamba imekwisha. Na chini yake, kwa wino mwingine, 20 Januari, kosa lilelile.

Nimelifunga haraka. Kwa sababu nakumbuka.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka juzi, nyumbani kwa Kocha, tunakula mahindi ya kuchoma. Akaniuliza, nikipata kesi mbaya, taarifa naifanyaje? Nami, bia mkononi, najiona bingwa, nikamwambia: jina moja ni habari, majina mawili ni orodha. Watu hawaisomi orodha. Tafuta jina la pili. Watu wote walicheka. Nilikuwa natania — nilikuwa natania nusu tu.

Yeye hakutania. Ameweka akiba.

Jumanne, 24 Januari

Simu, saa tatu asubuhi. Bi Odessa Crain, mkuu wa shule ya Linden. Sauti ya mtu aliyezoea kunyamazisha ukumbi.

Amesema wazazi kumi na mmoja wamepiga. Mmoja ametishia kumhamisha mtoto. Amesema Wendell ndiye mwanafunzi-mwalimu bora aliyempata tangu aanze kazi, watoto wanamwita Bwana T, kuna mmoja hakuwa anasema neno darasani na sasa anasoma kwa sauti. Yeye hataki siri za timu. Anataka jambo moja tu.

"Niambie hakumgusa yule binti. Ndiyo au hapana. Nami nitasimama mbele ya wazazi wale wote."

Na mimi? Sheria ya faragha ya wanafunzi, mama. Haturuhusiwi kutoa rekodi ya nidhamu, iwe mbaya, iwe nzuri. Nilisema maneno hayo kwa sauti yangu ya kazi, ile laini. Chuo hakitatoa maelezo zaidi.

Bi Crain akasema: "Ijumaa saa sita mchana lazima niandikie idara ya ualimu, abaki au atoke. Nisipokuwa na kitu cha kushika, nitaandika atoke. Unanielewa, mama?"

Nilimwelewa. Akanishukuru. Ningependa angenitukana.

Jumatano, 25 Januari

Nimekwenda kwa Kocha. Nilijipanga kabisa, nikaandika hata kwenye kikaratasi. Kocha, tutoe mstari mmoja: matukio mawili hayahusiani. Basi. Hatumtaji mtu kosa lake.

Alikuwa anakula sandwichi ya bata mzinga juu ya mpango wa mchezo. Wala hakukasirika. Ndiyo shida yake, hakasiriki.

"Ukisema hayahusiani, dada, wataondoa moja. Wakiondoa moja, inabaki ngapi?"

"Moja."

"Ya nani?"

Nikakitazama kikaratasi.

"Si wewe uliyenifundisha? Mimi ni mwanafunzi wako!" Akacheka, mayonezi kidevuni. "Wendell ni mtoto mzuri. Atavumilia. Wiki moja, mbili, watu watasahau."

Nikamwambia kuhusu shule, kuhusu Ijumaa saa sita. Akafuta mdomo polepole. Akasema anamsikitikia. Kisha, kama mtu anayebadilisha mazungumzo: "Na Maren wetu anaendeleaje? Mwaka wa pili sasa, eh? Amalize salama, ndiyo dua yetu sote. Ni raha mtoto kusoma bila ada."

Maren anasoma bure kwa sababu mama yake ni mfanyakazi wa chuo. Siku nikiacha kuwa mfanyakazi, hasomi. Kocha anajua. Kila mtu jengo lile anajua, nusu yao wana watoto humuhumu. Nikakunja kikaratasi changu, nikasema anaendelea vizuri, asante.

Asante! Nilimwambia asante!

Jioni Maren alikuja kula. Nimempikia tambi na nyama ya kusaga, anazopenda tangu mdogo. Alikuwa anazungushazungusha uma.

"Mama, Wendell yuko kwenye darasa langu la saikolojia ya watoto. Tulikuwa meza moja. Leo nimehama."

"Umehama kwa nini?"

"Wasichana wote wamehama. Amebaki peke yake na meza ya watu sita." Akaweka uma chini. "Ni yeye? Wewe unajua. Niambie tu ndiyo au hapana, sitamwambia mtu."

Mtoto wangu mwenyewe. Jikoni kwangu mwenyewe. Nikafungua mdomo na ikatoka ileile: siruhusiwi kusema, mpenzi wangu.

"Basi ni yeye," akasema Maren. "Ingekuwa si yeye ungesema."

Nikaosha vyombo. Niliviosha mara mbili.

Alhamisi, 26 Januari

Sikutaka kuandika leo lakini haya yananisumbua.

Ipo fomu.

Ukurasa mmoja, droo ya tatu, chini ya bahasha. Mwanafunzi akiweka sahihi, anaruhusu chuo kitangaze rekodi yake. Sheria inaishia hapo. Tunaitumia kila mwisho wa muhula, wachezaji wakipata alama za juu: wanasaini, tunawapiga picha na vitabu. Ninazo nakala mia moja za fomu hiyo. Nimezijua miaka kumi na moja.

Jumatatu kijana amekaa mbele yangu nusu saa, droo iko usawa wa goti langu. Sikumwambia. Jumanne Bi Crain ananiomba ndiyo au hapana. Sikumwambia. Nimesema sheria, sheria, sheria, kama kasuku.

Saa kumi jioni nilimpigia Wendell. Nikamwambia pita kesho asubuhi, kuna karatasi nataka uione. Akauliza ni mbaya? Nikasema sijui, mwanangu. Aibu imenijaa mpaka masikioni.

Ijumaa, 27 Januari

Naandika kazini, mlango nimeufunga kwa ufunguo. Niharakishe.

Saa mbili asubuhi Wendell alikuja. Alisoma fomu yote, hata yale maandishi madogo ya chini. Nikamweleza ukweli wote: ukisaini, naweza kusema ulichelewa mazoezi na hakuna kingine. Na Kocha atajua. Na ufadhili wako wa muhula ujao Kocha ndiye anayeupendekeza.

"Atanikata," akasema.

"Huenda."

"Na wewe je, Bi Stahl?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo jengo hili. Nikamwambia usinijali mimi. Akafikiri kidogo. Akasema kuna mtoto darasani amemwandikia barua: Bwana T, umekosa nini? Akasema barua ile hajui aijibuje. Kisha akasaini. Herufi za kialimu, zimenyooka, unaweza kuzibandika ubaoni. Akanishika mkono, akaondoka na kofia yake.

Saa nne Kocha ameleta ujumbe. Trace anacheza kesho. Hakuna mashtaka bado, kwa hiyo anacheza! Nitoe taarifa saa kumi na moja na dakika kumi: "Wachezaji Trace Hollander na Wendell Tibbs wamerejea kikosini baada ya kutimiza masharti ya timu." Tena pamoja! Wanaingia mlango mmoja, wanatoka mlango mmoja. Na chini ameongeza: "Umwambie Maren nimewawekea tiketi za mbele."

Nimeiandika. Iko kwenye skrini. Mkono unajua kazi yake wenyewe, hauniulizi.

Saa tano na dakika arobaini simu ikalia. Bi Crain.

"Mama, nimebakiwa na dakika ishirini. Nimeona nijaribu mara ya mwisho. Wewe una mtoto?"

"Ninaye."

"Basi."

Nikasema, dakika moja tu, Bi Crain, nikabonyeza kitufe. Ukisubiri kwenye simu yetu unapigiwa wimbo wa chuo, tarumbeta na ngoma, wavulana wanaimba tutasimama pamoja. Niliuchagua mimi.

Fomu iko hapa, mkono wa kushoto. Sentensi ya Kocha iko kwenye skrini, kulia. Wiki nzima nimesema sheria inanifunga. Haya, sheria imeniachia. Imesainiwa, ina tarehe, ina namba ya mwanafunzi. Hakuna aliyeufunga mdomo huu sasa. Na bado sijabonyeza kumrudia Bi Crain. Naandika shajara! Mwanamke mzima, mtu yuko kwenye simu, mimi naandika shajara!

Kumbe haikuwa sheria.

Saa tano na dakika arobaini na sita. Viatu vya Kocha kwenye korido, navijua kwa mlio. Amesimama. Anagonga.

"Dada Gretchen? Mbona umejifungia?"

Taa nyekundu ya simu inawakawaka. Wimbo una dakika tatu, naujua, kisha unakatika kidogo, mtu anadhani amejibiwa. Umekatika. Namsikia Bi Crain moyoni anasema halo, halo.

Wimbo umeanza tena.