Salamu Nilizoziruka

Arua Mjini,
West Nile.
Jumamosi, 13 Julai 1974.

Mpendwa Mjomba Tahiru,

Kabla sijakuuliza hali yako, nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Haboba, na nikilichelewesha nitaogopa kuliandika. Barua zako hunichosha. Si zote, Mjomba. Ni ukurasa wa kwanza na nusu ya ule wa pili, pale unapotaja majina ya watu. Nisamehe. Naandika haraka, ndiyo maana mwandiko umelala upande.

Hujambo lakini? Kifua kimepona lile vumbi la pamba la kiwandani huko Jinja? Haboba, mama yako, ni mzima, ila goti la kushoto humsumbua mvua ikitaka kunyesha, naye anasema linatabiri vizuri kuliko redio. Mama mzima. Mdogo wangu Kenyi ameng'oka jino na analionyesha kwa kila mgeni. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio ulikuwa mgonjwa mpaka jana.

Unajua nilivyo na vitabu. Nasoma huku nakoroga ugali wetu wa asida, na Jumanne uliungua kwa sababu mpelelezi alikuwa juu ya paa. Nasoma gazeti lililofungia chumvi na maandishi ya chupa ya dawa ya kikohozi. Kabati la shule nimelimaliza mpaka rafu ya chini, ile ya ufugaji wa nyuki. Lakini nina tabia moja mbaya: naruka. Mwandishi akianza kueleza milima, naruka. Akianza kumshukuru mke wake na rafiki zake waliomsaidia, naruka haraka zaidi, maana siwajui watu hao. Nataka kufika pale mtu anapogonga mlango. Mwalimu Draku hunipa alama za juu katika ufupisho, na muhula uliopita aliandika daftarini mwangu kwamba nina kipaji cha kuondoa yasiyo na kazi. Nadhani maneno hayo ndiyo yaliyoniharibu.

Zamani barua zako alizisoma Driciru, binti wa jirani yetu Mama Rosina, na sauti yake ilisikika mpaka barabarani. Tangu alipoolewa Ajia mwezi wa Januari, kazi hiyo nimepewa mimi. Unakumbuka hali inavyokuwa: barua ikifika, Haboba anatandika mikeka uani, majirani wanakuja, na mimi nasimama katikati nikitazamwa na macho zaidi ya ishirini. Nafunika uso kwa karatasi. Nikaona barua ina sehemu mbili, majina na habari. Basi nikasema, "Anawasalimu wote," nikaruka hadi kwenye mashine ya kufuma iliyokatika mkanda. Hivyo barua ya Februari, hivyo ya Aprili, hivyo ya Juni. Nilisoma vizuri sana habari ya mkanda ule. Kenyi alipiga makofi.

Sikufikiria kwamba watu hawaji kusikia habari ya mashine. Wanakuja kusikia majina yao. Wewe ndiye uliyekulia hapa, unajua: jina likisomwa, mwenyewe hujibu, "Zimefika," kana kwamba umesimama mlangoni. Nimelisikia jambo hilo tangu utoto na sikuliona, kama mtu asivyouona ukuta wa nyumba yao.

Mzee Sulaiti, baba yake Hajara unayemposa, alikuja mara zote tatu. Alikuja na kiti chake mwenyewe. Nikianza kusoma tu, alikuwa anasafisha koo tayari kwa kujibu, maana anajua mkwe mtarajiwa humtaja yeye mapema. Nikafika kwenye mashine, koo bado linasafishwa. Mwezi wa Juni alisafisha mpaka Mama Rosina akampelekea maji.

Siku hiyo aliinuka kabla sijamaliza. "Mimi nilikaa vitani Burma, mvua na mbu," alisema. "Barua ya nyumbani ilifika, jina yangu iko ndani. Sasa Jinja iko mbali kuliko Burma?"

Haboba akakutetea. "Labda wino ilikuwa kidogo, Mzee."

"Wino kidogo!" akasema Mama Rosina. "Ameandika mashine mpaka misumari yake!"

Watu walicheka. Mzee Sulaiti hakucheka. Alibeba kiti chake akaondoka nacho, na nilijua kosa ni langu. Nilienda chumbani nikasoma habari za nyuki.

Alhamisi hii nilikuwa kwenye bomba nachota maji. Hajara akaja nyuma yangu. Unamjua Hajara, hasemi kwa kuzunguka.

"We Sadiya, mwambie mjomba wako, mimi si mashine, kwamba atanikumbuka nikikatika mkanda."

Nikasema, "Anakukumbuka, dada."

"Ananikumbuka wapi? Kesho baada ya sala watu wa Hamuza wanakuja kuniposa kutoka Koboko. Baba amesema mtu aliyesahau hata salamu ameachia nafasi yake. Atawapa jibu kesho hiyo hiyo." Akajitwisha ndoo. Nikaona macho yake ni mekundu, na maji yakamwagika begani asiyajali.

Huyu Hamuza ni yule mwenye lori la tumbaku. Si mtu mbaya. Anavaa miwani ya jua hata akiwa ndani ya nyumba.

Usiku huo, kwa mara ya kwanza, nilisoma kurasa zako zote bila kuruka. Barua tatu. Mjomba, sikujua! Mzee Sulaiti yuko mstari wa kwanza kila mara, na mguu wake wenye risasi unauulizia. Mama Rosina yuko, na mbuzi wake pia. Jana, baada ya sala ya Ijumaa, nilizitia barua ndani ya daftari la hesabu nikaenda kwao Hajara, peke yangu, kwa njia ile ya Onduparaka.

Wageni walikuwa wameketi sebuleni. Hamuza na miwani yake, wanaume wanne, na mbele yao mzee mmoja mwenye kanzu iliyopigwa pasi vizuri, ambaye ndiye msemaji wao. Mimi nikimwona mgeni mmoja napotewa na sauti. Hapa walikuwa sita. Niliegemea mlango nikasema, kwa sauti ambayo nadhani niliisikia peke yangu, "Mzee, kuna salamu sikuzisoma."

"Sema kwa nguvu!"

"Mjomba aliwasalimu! Mimi sikusoma!" Nikapiga kelele hata kuku akakimbia chini ya kiti.

Mzee Sulaiti alinyoosha mkono, akatazama mihuri ya bahasha moja moja, akanirudishia. Nikasoma barua ya Februari. Jina lake la kwanza kabisa. Hakujibu. Nikaendelea mpaka mwisho wa majina, naye anasogeza shanga moja ya tasbihi kwa kila jina.

"Wewe ni mtoto ya vitabu," akasema. "Unaweza kutunga. Rudia."

Nikarudia tangu mwanzo, naye akahesabu tena. Mara ya kwanza majina thelathini na moja, mara ya pili thelathini na moja. Hapo ndipo alisafisha koo, kwa utaratibu, kama anayefungua sanduku, akasema, "Zimefika." Mke wake alipiga kigelegele kutoka jikoni. Mzee akamwambia anyamaze, kuna wageni.

Hamuza akasema, "Mzee, salamu ni salamu tu. Sisi tumekuja wenyewe, na miguu."

"Mumekuja na lori," akasema Mzee Sulaiti. "Soma ya pili."

Nikasoma ya Aprili. Macho yangu yalikuwa kwenye karatasi tu, nasoma majina bila kujua ni ya nani, nikafika hapa: "Namsalimu pia Mzee Nasuru wa Dranya, huko Koboko, aliyenipa kitanda chake mwenyewe usiku basi lilipoharibika, yeye akalala kwenye mkeka."

"Zimefika, mwanangu," ikajibu sauti.

Haikuwa ya mtu wa nyumba ile. Niliinua uso. Alikuwa ni msemaji wao, mzee wa kanzu iliyopigwa pasi. Ameshajibu, na mkono wake uko mdomoni, lakini neno limetoka. Hamuza alivua miwani.

"Baba mdogo," akasema Hamuza, "umefanya nini?"

"Nimesalimiwa."

"Si ungenyamaza!"

"Mutu ananiita kwa jina, na heshima, mimi ninyamaze kama ng'ombe?" Mzee Nasuru alifikiri, akatikisa kichwa. "Huyu kijana alikula kwangu. Nimepokea salamu yake ndani ya nyumba hii, mbele ya watu. Sasa nifungue mdomo ule ule nimwombee mwingine bibi yake? Haiwezekani."

"Lakini tumetoka Koboko asubuhi!"

"Na tutarudi jioni. Kaa, chai inakuja."

Nilitaka kuondoka, ila Mzee Sulaiti alinionyesha barua ya tatu kwa kidole. Nikaisoma. Mjomba, kuna mstari ambao nilitamani kuuruka kuliko yote niliyowahi kuruka, pale ulipoandika, "na yule anayepika huku anaimba, akidhani hasikiki." Niliusoma. Masikio yalikuwa yananiwaka.

Kutoka jikoni, polepole sana, tukasikia sauti ya Hajara, "Zimefika."

"Huyu hakuitwa jina!" Mzee Sulaiti akageuka.

"Na mimi uliniita jina lini?" akajibu mke wake kutoka huko huko. "Barua zako za Burma zilisema 'salamu kwa wa kisimani', na visima vilikuwa vitatu." Mzee Nasuru ndiye aliyeanza kucheka. Hata Hamuza alicheka kidogo, kisha akaomba sukari zaidi, na wakampa, ingawa unajua sukari ilivyo adimu siku hizi.

Agizo la Mzee Sulaiti ni hili, na amenifanya nilirudie mara mbili: uje kabla ya Ramadhani, pamoja na wazee, mmalize maneno. Usipokuja, hatatazama tena mihuri ya bahasha. Tafadhali omba ruhusa kiwandani wiki hii, usingoje. Hajara alinifungia mandazi manne kwenye karatasi, na karatasi hiyo ilikuwa na maandishi nusu ukurasa, nimeyasoma.

Haboba anakubariki na kukuombea. Mama anakusalimu na kuuliza kama soksi zilifika. Kenyi anakusalimu na jino lake. Mama Rosina anakusalimu mara nne, tatu za deni na moja ya leo, na mbuzi amezaa. Wanakusalimu pia Mzee Sulaiti na nyumba yake yote, Mzee Nasuru wa Dranya, na Driciru wa Ajia, ambaye amesikia na anasema angekuwepo yasingetokea. Wengi wao wamepita hapa uani nikiandika, na wamesimama mpaka nilipomaliza majina yao.

Mungu akuponye kifua, akufungulie njia, akulete ukiwa mzima.

Nimebakiza kukueleza nilichofanya nilipotoka kule jana. Nilirudi nyumbani nikamwambia Haboba yote, isipokuwa kwamba barua zako hunichosha. Hakunipiga. Alitandika mikeka, akamtuma Kenyi kuita majirani, na mimi nikasimama katikati nikasoma majina ya barua zote tatu, moja baada ya jingine, nikingoja kila mtu ajibu kabla ya kwenda kwa mwingine. Ilichukua mpaka magharibi. Kisha nikasoma ya mashine, lakini nusu yao walikuwa wameshaondoka.

Mpwa wako anayekupenda kwa moyo wote,
Sadiya