Maji ya Kifuani Kabla ya Namugongo

Mkonze,
Dodoma.
22 Aprili 2025

Mpendwa mdogo wangu Ursula,

Shikamoo yako naipokea, ingawa mwezi huu hukuituma. Marahaba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba uvimbe wa miguu umepungua tangu baridi ya Songea ianze. Shemeji Obadia anaendeleaje na macho yake? Mimi natembea na ninakula. Huku mvua zimekatika mapema. Mahindi yamekauka yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Tunautegemea uwele wa shamba la kwetu Busi, kama ndege watatuachia.

Nakuandikia kwa sababu hupokei simu zangu. Simu hukatwa kabla mtu hajasema neno. Barua, hata ukiichana, utakuwa umekwisha kuisoma mistari michache.

Umeambiwa kwamba nimejitangazia kifo. Si kweli. Tulipomaliza arobaini ya marehemu wifi yako Violeth, tuligawa nguo zake uani kama ilivyo desturi. Nami nikatoa makoti yangu, kwa sababu nyumba nitaifunga na baiskeli nitakayosafiria haiwezi kuyabeba. Sikutafakari. Nguo zinazogawiwa siku ile ni za marehemu tu. Mama aliyepokea koti langu alilitupa chini akapiga yowe, na wenzake wakamfuata.

Kesho yake watu wa jumuiya walikuja na kuni na unga, wakatandika mikeka. Mtani wetu Lydia akailalia baiskeli yangu, akilia bila machozi: “Mwalimu, kufa upesi basi, maharage yameshaiva!” Watu walicheka. Mimi sikucheka, lakini maharage niliyala.

Chanzo cha safari unakijua. Binti yetu Angelina alipokuwa mahututi baada ya kujifungua, Violeth aliweka nadhiri: mtoto akipona, tutakwenda kuhiji Namugongo, Uganda, kwa baiskeli yangu, yeye akiwa nyuma kwenye keria kama siku ile nilipomtoa kwao. Angelina akapona. Sisi tukaahirisha, mara mavuno, mara paa la nyumba, kisha zikaja figo zake. Siku za mwisho aliniambia, “Usinizike na nadhiri yangu.” Nimemzika nayo.

Mwanangu Rodgers amekataa kunisindikiza. Alisema, “Baba, panda basi. Mungu haangalii tiketi.” Nikamjibu kwamba Mungu haangalii, lakini mama yake anaangalia. Tangu hapo tunasalimiana tu.

Daktari amesema moyo wangu umechoka, akaniandikia vidonge. Kuhusu baiskeli sikumwuliza, asije akanijibu.

Baiskeli imetengenezwa Kondoa na Abdulrahim, yule fundi aliyekuwa akimtengenezea baba. Amebadilisha matairi, mnyororo na breki. Nilimwagiza afunge chuma cha kubebea mzigo mbele, ili keria ibaki wazi. Akaweka spana chini. “Mzigo mbele, mwalimu? Mteremko wa kwanza utakubinua. Mama keshatangulia. Funga mzigo nyuma.” Nilipokuwa nikiondoka akaongeza, “Baiskeli itafika. Wewe ndiye sikuwekei dhamana.”

Nimefunga mzigo nyuma. Chini yake nimekunja kitenge cha Violeth, kama mtu anavyomtandikia abiria wake.

Nitapita Singida, Nzega, Kahama, Biharamulo na Bukoba, kisha nivuke mpaka Mutukula. Nitalala kwenye parokia, na pasipo na parokia nitaomba hifadhi kwa wenyeji. Ikiwa nitafia njiani, nizikwe palepale nitakapoangukia. Najua kwetu maiti hurudishwa nyumbani hata kama ukoo utauza ng’ombe wa mwisho. Msimwuze. Nimemwambia Rodgers, sasa nakuambia wewe, kwa kuwa wewe ndiye utakayelalamika zaidi.

Sasa jambo lenyewe. Kwetu Busi hakuna mwanaume anayekwenda safari ya mbali kabla dada yake hajamtemea maji kifuani. Baba alitemewa na shangazi kila alipokwenda mashambani Tanga, na mara zote alirudi. Wa kunitemea mimi umebaki wewe peke yako. Nawe umetuma ujumbe: “Simtemei maji mtu anayekwenda kujizika.”

Sikukuomba uje. Mwanao Lea yuko hapa, na kata ya mama, ile ya kutekea maji ya kutemea, anayo yeye. Nilimwomba asimame mahali pako. Alilia, kisha akasema, “Mjomba, mama hajanituma. Maji yangu mimi ni ya kunawia tu.” Amesema sawasawa, na sikumlaumu.

Ursula, siendi kutafuta kifo. Kifo kingekuwa kinatafutwa, ningekaa hapa hapa barazani nikitazama kiti cha Violeth. Kazi hiyo naifanya kila jioni, na inaendelea vizuri. Naenda kulipeleka neno la mke wangu mahali alikoliahidi. Ukiona ni ujinga, uone hivyo. Lakini usininyime maji.

Nitaondoka Jumatatu, tarehe 5 Mei, baada ya misa ya asubuhi. Huna haja ya kuzungumza nami. Mpigie Lea, umwambie, “Nimekutuma.” Ukimpigia, nitaondoka kifua kikiwa kimelowa. Usipompigia, nitaondoka kifua kikavu, lakini nitaondoka.

Nisalimie shemeji Obadia, na umwambie asiache dawa za macho. Msalimie mwanao Yotham na mkewe, na wajukuu wote. Lea anakusalimu, na mzee Yoramu, atakayetunza ufunguo wa nyumba, anakusalimu pia.

Sisi kaka hatukupewa maji. Tulipewa maneno tu. Basi nakubariki kwa neno: Mungu akuponye miguu, akupe uzee wenye watu kando yake, wala asikuache ufunge mlango wa nyumba yako ukiwa peke yako.

Mimi kaka yako, nikupendaye hata unaponinunia,

Kristofa